Mama wa Kwenye Karatasi ya Karanga

Usiku wa jana niliota kalamu nyekundu imesimama kwenye geti la shule yetu, ndefu kama mlingoti wa bendera, imevaa koti la mlinzi na inakagua wazazi.

Sikushangaa. Nilichofikiria ni kwamba afadhali wamembadilisha mlinzi, maana yule wa siku zote husinzia.

Kabla sijaingia ndani zaidi, nieleze kwanza mambo ya mchana kweupe, vinginevyo ndoto hii haitakuwa na kichwa wala miguu.

Naitwa Yona Chilongani, Kidato cha Tatu B. Shuleni najulikana kwa utani tu. Mwalimu akipiga chafya, mimi ndiye ninayempa pole kwa niaba ya darasa. Kwenye insha sijawahi kuvuka nane kwa ishirini. Sasa mwezi uliopita Mwalimu Ndahani, aliyehamia kwetu Januari na bado hawajui wazazi wetu, aliandika ubaoni: shindano la insha, kisa cha kweli kilichokupata, maneno yako mwenyewe. Mshindi angesoma insha yake mbele ya watu Siku ya Wazazi. Chini yake, kwa chaki nyekundu, akaongeza kwamba atakayenakili kazi ya mtu atapata sifuri na mzazi wake ataitwa.

Siku hiyohiyo nikanunua karanga kwa Bi Matika. Bi Matika hukaa nje ya geti, na karanga zake huzifunga kwenye kurasa za madaftari ya zamani, yale ambayo watu huyatoa majumbani mtoto akishamaliza shule. Anazisokota kurasa kama koni, anamimina karanga, anakunja juu. Wote pale shuleni tumeshakula karanga kutoka kwenye biolojia ya mtu. Ukimaliza unatupa karatasi, yameisha.

Mimi nikaisoma.

Ilikuwa insha, kwa mwandiko wa duara, na juu kulikuwa na jina: Sechelela Mwaluko, Kidato cha Nne, wa miaka mingi nyuma. Ilianza hivi: "Mama yangu alifariki mwezi wa mavuno. Siku anazikwa, mimi nilikuwa namenya vitunguu vya chakula cha waombolezaji, kwa hiyo hakuna aliyejua nilianza kulia saa ngapi."

Niliacha kutafuna. Nikasoma mpaka chini, ambako ukurasa ulikuwa umeloa mafuta na kuchanika. Jioni nikaunakili wote, neno kwa neno, na kwa kuwa sentensi ya mwisho ilikuwa imekwenda na mafuta, nikatunga ya kwangu: "Na huo ndio mwisho wa hadithi yangu."

Nikashinda. Mwalimu Ndahani hakuisoma darasani, alisema inasubiri siku yenyewe, lakini aliniita ofisini, akanishika bega na kuniambia pole. Nikaitikia, nimeshapoa. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Mama yangu ni mzima kabisa. Ana sauti ambayo akiita nyumbani, mashineni wanasimamisha kusaga. Kadi ya mwaliko ilipofika, alikwenda kuwaonyesha huko huko mashineni, akaahidi kukaa kiti cha mbele. Aliniuliza insha inahusu nini. Nikamwambia upandaji miti. Akasema vizuri, miti ni muhimu. Akatoa gauni lake la zambarau, alilolivaa mara moja tu kwenye harusi ya mama mdogo, akalifua na kulitundika msumarini, tayari kwa Siku ya Wazazi.

Siku ya Wazazi ni leo, saa nne. Sasa turudi getini.

Kalamu inakagua wazazi kwa kutumia insha yangu. Imeishika kama orodha. Kila anayefika anaulizwa jina, kalamu inashusha ncha yake kwenye mistari, inatafuta, inaruhusu.

Mama anafika na gauni la zambarau. Viatu kavishika mkononi, maana njia ina vumbi na yeye huvaa viatu akishafika.

"Jina?" kalamu inauliza.

"Mama Yona."

Ncha inashuka, inasimama. "Mama Yona amefariki. Mstari wa kwanza kabisa."

Mama anafikiri kidogo. "Nimefariki lini, baba?"

"Mwezi wa mavuno. Mwaka haukuandikwa."

"Mwanangu anasoma leo. Insha ya miti."

"Marehemu wanasikilizia nje ya uzio," kalamu inasema, wala si kwa ubaya. "Kule kuna kivuli."

Nasubiri mama apandishe sauti. Huyu ni mama aliyewahi kumtoa mwenye mashine nje mbele ya wateja kwa sababu ya kibaba kimoja cha unga. Lakini anasema tu basi sawa, hataki kumharibia mtoto shughuli yake. Anazunguka, anavaa viatu, anasimama nje ya uzio wa minyaa. Ili apate kuniona anavunja kijitawi kimoja. Utomvu mweupe unamdondokea begani, juu ya gauni. Hajali. Ameshapata tundu la kuchungulia.

Na mimi niko wapi wakati haya yote yanatendeka? Niko jukwaani, hatua kumi kutoka hapo. Nimeona yote na nimesikia yote. Nimejifanya natafuta ukurasa.

Kwenye kiti cha mbele amekaa mwanamke nisiyemjua, mwembamba, kajifunga kilemba cha njano. Wazazi wenzake wanapita wakimsalimia, habari za nyumbani Mama Yona, hongera kwa mtoto Mama Yona. Anaitikia kwa upole. Ananitazama kama mtu anayemsubiri mtoto wake nje ya darasa, wanatoka watoto mmoja mmoja, na huyu aliyetoka sasa siye.

Nafungua karatasi ili nisome.

Sentensi ya kwanza inajishika kwenye ukingo wa karatasi, inaning'inia, inaruka chini. Inajikung'uta chumvi. Ya pili inafuata, ya tatu, aya nzima. Zinajipanga mbele ya jukwaa kama wanafunzi mstarini asubuhi, fupi mbele na ndefu nyuma, na ile ndefu kuliko zote inanyoosha mkono.

"Mwenye sisi yuko wapi?"

"Ni mimi," nasema.

Zinatazamana.

"Umewahi kumenya kitunguu?"

Nasema nyumbani kwetu anamenya mama.

"Mama yupi?"

Hapo nakohoa. Sentensi zinasubiri nimalize kukohoa, zinaona simalizi, zinaomba ruhusa kwa adabu na kutoka getini mbili mbili. Kalamu inazipigia saluti.

Kwenye karatasi imebaki moja tu. Imekaa chini kabisa ya ukurasa, kijitu chembamba, kandambili moja ya bluu na nyingine ya kijani. Naitambua. Ni ile niliyoitunga mwenyewe.

"Shikamoo baba," inasema.

"Marahaba."

"Wenzangu wamekwenda wapi?"

"Kwao."

"Na sisi kwetu ni wapi?"

Namwambia anyamaze kwanza, watu wanatuangalia. Anawaangalia watu na yeye. Kisha ananiambia kwamba yeye peke yake hawezi kujaza ukurasa, tena hata kazi yake haijui vizuri. "Uliniambia mimi ni mwisho, baba. Mwisho wa nini?"

Watu wa mstari wa nyuma wanacheka. Nimezoea watu kucheka nikiwa mbele, lakini siku zote mimi ndiye ninayejua wanachekea nini.

Kalamu inapanda jukwaani. Inasoma kutoka kwenye karatasi ambayo haipo: "Kanuni. Anayechukua kisa cha mtu, anachukua na vilivyomo." Inapiga alama ya vema hewani, na jukwaa linakuwa jiko.

Ni jiko la uani, la msibani. Mafiga matatu, sufuria la kuazima lenye jina la kanisa kwa rangi nyeupe, magunia mawili ya vitunguu. Msichana aliyevaa sare ya shule amekaa kwenye kigoda anamenya. Hainui kichwa.

"Karibu. Gunia la kushoto ni lako," anasema. Ni Sechelela. Sikuambiwa, ila mwandiko wake ulikuwa wa duara na vidole vyake vilikuwa hivyo hivyo.

"Mimi sijui kupika," namwambia.

"Mbona mwezi uliopita ulimenya? Tena uliandika vizuri."

Ananipa kisu. Nakaa na kumenya. Kitunguu cha kwanza kinaniponyoka mara tatu.

"Unamenya kama unamvua mtoto soksi," anasema.

Kwa kawaida utani wa namna hiyo ni wa kwangu mimi, nawafanyia wengine. Naendelea kumenya. Macho yanaanza kuwasha. Namwambia anisamehe, nitakwenda kwa Bi Matika nikamtafutie daftari lake lote, ukurasa kwa ukurasa, nimrudishie.

"Daftari la nini? Daftari mjomba alilitoa pamoja na magazeti tulipohama. Halinisumbui. Karanga ni kitu cha heshima tu. Nirudishie mama."

"Mama yako mimi sina."

"Unaye. Yule wa kilemba cha njano, kiti cha mbele." Anatupa kitunguu kwenye sufuria, anachukua kingine. "Tangu nizaliwe watu walimwita Mama Sechelela. Msibani walimwita hivyo, kwenye msalaba wakaandika hivyo. Siku hizi nikienda kaburini nikimwita hageuki. Anasema yeye ni Mama Yona."

Nainama. Vitunguu vinasaidia, unaweza kuinama kwa muda mrefu bila mtu kukuuliza.

Baadaye namuuliza kitu ambacho nilitaka kukijua tangu siku ile ya karanga. Ni saa ngapi hasa alianza kulia?

"Sijui," Sechelela anasema. "Ndiyo maana niliandika."

Tunamenya.

"Na wewe?" ananiuliza. "Wewe uliandika kwa nini?"

Namweleza kwamba mshindi anapata kaunta buku tatu na ndoo ya plastiki. Nilidhani atanirushia kisu. Anafikiri.

"Ndoo ina mfuniko?"

"Ina."

Anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejitahidi kuwa mwenye haki. "Yenye mfuniko ni nzuri," anasema.

Nimeshapigwa viboko mbele ya shule nzima, nikarudi mstarini nikiwakonyeza wenzangu. Lakini pale, kwa ajili ya mfuniko wa ndoo, nilitamani gunia la vitunguu linifunike nisionekane tena.

Ukuta wa jiko ni uzio wa minyaa. Sikuliona hilo mwanzoni. Nje ya uzio nasikia sauti ninayoijua, inanong'ona kwa nguvu vile vile inavyonong'ona kanisani, ikiwaeleza marehemu wengine kwamba yule anayemenya vitunguu ni mwanawe, anaitwa Yona, na wawe na subira, sehemu ya miti inakuja.

Kengele inalia. Jiko linakuwa jukwaa. Kisu kimekuwa kipaza sauti.

"Yona Chilongani," kalamu inasema, "malizia. Sentensi moja tu inatosha, ila iwe ya kwako."

Nafungua mdomo. Yanatoka maganda mekundu ya karanga, mengi kiasi, yanaangukia shati. Wazazi wanasubiri kwa heshima. Nayatema yote, navuta pumzi, nasema, "Mama yangu—"

"Yupi?" kalamu inauliza.

Mwanamke wa kilemba cha njano anainua uso. Nje ya uzio, kupitia lile tundu kwenye minyaa, mkono unanyooshwa juu, mkono wa gauni la zambarau, kama anavyounyoosha kwenye vikao vya wazazi majina yakiitwa.

"Onyesha kwa kidole," kalamu inasema. "Hatuna haraka."

Ni jambo dogo. Ninyooshe kidole kwenye minyaa, mama aingie, akae kiti chake. Lakini nikinyoosha kule, basi mama yangu hajafa. Asipokuwa amekufa, insha si yangu, na wote hawa watajua, mkuu wa shule, mwenye mashine, wenzangu wa Tatu B. Mwalimu Ndahani amesimama pembeni ameshika ndoo kwa mikono miwili, kitambaa cha machozi kimetokeza mfukoni, ananitazama kwa huruma nyingi kuliko aliyowahi kunipa mwalimu yeyote.

Natazama minyaa. Natazama ndoo.

Nanyoosha kidole kwenye kiti cha mbele.

Wazazi wanapiga makofi. Mwanamke wa kilemba anainama na kuniambia kwa sauti ya chini, nadhani ili asinifedheheshe, "Samahani mwanangu. Mimi nina binti."

Makofi yanakwisha. Yamebaki ya mtu mmoja, nje ya uzio, makubwa kuliko ya wote. Ni mama. Anawaambia wenzake wamemsikia, kamtaja mama yake mbele za watu. Halafu na yeye anaacha. Nadhani alikuwa anafuatisha kidole changu kwa macho, akaona kilikoishia.

Anavua viatu, anavishika mkononi, anashika njia ya vumbi. Kila anayekutana naye anamwuliza, shikamoo, wewe ni mama nani? Naye anasimama, anafikiri, anaomba radhi kwamba hakumbuki.

Nataka kumwita. Kinywani nina sentensi moja tu.

Inatoka yenyewe. Inatembea mpaka kwenye ncha ya jukwaa na kandambili zake za rangi mbili, inamtazama mama anavyokuwa mdogo njiani, kisha inanigeukia.

"Kumbe mwisho wa hili, baba," inasema.

Nikaamka.

Kumeshapambazuka, jogoo wa jirani anabishana na redio. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kunusa vidole. Havikunuka kitunguu. Nilinusa kimoja kimoja, vyote kumi, vilinuka blanketi. Nikashusha pumzi, nikajicheka, nikaanza kupanga nitakavyowasimulia wenzangu kisa cha kandambili, nikikipunguza hapa na pale.

"Yona," mama akaita kutoka sebuleni.

"Naam mama."

"Hebu njoo."

Alikuwa amesimama mlangoni, kwenye mwanga, ameshika gauni la zambarau kwa mabega yake mawili. Alikuwa anakwaruza bega la kulia kwa ukucha. Pale palikuwa na doa jeupe, limekauka kama gundi.

"Huu si utomvu wa minyaa huu? Umetoka wapi? Gauni nimelifua juzi, na tangu hapo sijalivaa."

Nyumbani kwetu uzio ni wa mabati. Nikatazama msumari lilipokuwa limetundikwa gauni, nikatazama dari, nikatazama kila mahali pasipokuwa na uso wa mama.

"Nikikaa mbele litaonekana?" akauliza.

Nikarudi chumbani, nikainua godoro, nikatoa ile karatasi ya karanga. Nikampa. Nikamwambia ile insha si ya miti, na wala si yangu, mwenyewe ni huyo aliyeandikwa juu.

Mama hasomi haraka. Husoma kwa kidole. Nikasimama nikikitazama kidole kikitambaa kutoka kwenye jina, kikafika kwenye mwezi wa mavuno, kikafika kwenye vitunguu. Kikasimama hapo.

"Na wewe umewaambia ni mimi?" akauliza.

Sikuwa na utani wowote. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Akaikunja ile karatasi vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, kama yenye kitu ndani ambacho hataki kimwagike. Akaingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa amevaa gauni, doa likiwa pale pale begani, viatu mkononi.

"Vaa shati," akasema. "Mwalimu wako tumkute kabla watu hawajajaa."

"Mama, si lazima uje. Nitakwenda mwenyewe."

"Mzazi ameitwa," akasema, akatangulia mlangoni.